SHAMBA NA NYUMBA: Muhogo kwa Mbwa



Barua nyingi zinazofika mezani pangu huuliza habari za mbolea, za kuku na za ada ya shule. Ni mara chache sana nipatapo barua juu ya mbwa. Mbwa wetu hatumwulizii mambo yake. Hula kilichobaki, hulala jikoni penye majivu, na usiku twamtegemea atuamshe. Lakini juma lililopita mkulima mmoja wa upande wa Busia ameniandikia kurasa mbili kamili, kwa mwandiko safi, akiuliza jambo ambalo laiti mtu angaliniuliza miaka michache iliyopita, kabla sijajifunza jibu lake kwa aibu.

Asema hivi. Anao mbwa watatu wanaolinda shamba lake, maana ngedere wa kando ya mto hawana adabu. Unga wa mahindi umekuwa ghali, bali muhogo anao tele, mbichi na wa unga. Alipotaka kuwapa mbwa muhogo, mkewe alimkataza, akisema kwamba muhogo huua mbwa. Baba yake naye, mzee aliyepita miaka sabini, alicheka akasema kwamba mbwa wa zamani walikula muhogo na hawakujua hospitali. “Je, Bwana,” aandika, “nani kati yao asema kweli? Maana nyumba yangu imegawanyika.”

Wote wawili wasema kweli, na hapo ndipo penye taabu.

Nianze na mzee. Ni kweli kwamba tumbo la mbwa laweza kufanya kazi na vyakula vya wanga. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba mbwa, kwa kukaa na binadamu maelfu ya miaka na kula makombo yake, amepata uwezo wa kuyeyusha wanga kuliko nduguye mbwa-mwitu. Ndiyo maana mbwa wetu hushiba kwa ugali na akaishi. Muhogo uliopikwa vema ni wanga mwingi, tena laini, na mbwa huupenda. Mzee aliona hayo kwa macho yake, wala hakusema uongo.

Sasa mama wa nyumba. Muhogo si mmea wa asili ya nchi zetu. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16, ukapendwa kwa sababu wavumilia jua na waweza kukaa ardhini mwaka mzima ukimngoja mwenyewe. Lakini mmea hauwezi kukimbia, basi lazima uwe na silaha. Silaha ya muhogo ni kitu kiitwacho linamarini, kilichomo katika mizizi, na zaidi katika maganda na majani. Muhogo usipoguswa, kitu hicho kimetulia. Bali mnyama akiutafuna, au kisu kikiukata, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo ndani ya mmea, na kwa kukutana huko hutoka sianidi. Sumu hii huuzuia mwili usiitumie hewa iliyomo katika damu, hata mnyama hufa kwa kukosa hewa na huku anapumua.

Wataalamu huipima kwa miligramu katika kila kilo ya muhogo mbichi. Muhogo wenye chini ya miligramu 50 huhesabiwa kuwa mtamu; mchungu hupita 100, na zipo aina zenye 400 na zaidi. Vitabu vya madaktari wa mifugo vyasema kwamba kiasi cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama chatosha kumwua. Basi tufanye hesabu, kama tulivyofundishwa ubaoni. Mbwa wa kilo 10 huuawa na miligramu 20. Katika muhogo wenye 400, miligramu 20 zimo katika gramu 50, yaani kipande kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Kwa kweli sumu yote haifunguki tumboni kila mara, ndiyo sababu mbwa mmoja hula akapona na mwenziwe akafa; lakini hesabu yenyewe yatosha kumwogopesha mtu mwenye akili.

Na mbwa ana udhaifu wake. Mwili wa kila mnyama una njia ya kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho kikali sana, kikatoka pamoja na mkojo. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kingine, kwa msaada wa salfa itokayo katika nyama, samaki, mayai na vyakula vya namna hiyo. Mbwa anacho kimeng'enya hicho kidogo kuliko wanyama wengi waliopimwa. Tena mbwa wetu wa shamba ni nadra kuona nyama. Basi ameingia vitani na ngao ndogo, nayo imetoboka.

Hapa sina budi kusimulia habari yangu mwenyewe.

Kwetu ni nyuma ya Kilifi, ingawa kazi yangu ya ukarani yaniweka mjini. Mwaka 2022, ukame ulipoendelea msimu baada ya msimu, mjomba wangu alikuwa na mbwa mmoja jina lake Askari, mwekundu, mwenye sikio lililochanika, ambaye peke yake aliwazuia nguruwe wa mwitu wasimalize shamba. Jioni moja mjomba alirudi akamkuta Askari anatoka mate mengi, anapepesuka kama mlevi, akihema kwa haraka. Alianguka, akatetemeka miguu yote minne, na kabla jua halijazama alikuwa amekufa.

Mjomba hakuwa na shaka hata kidogo. Alikuwa na ugomvi na jirani yake juu ya minazi miwili iliyo mpakani, na mbwa aliyekufa ghafula hivyo, akatoka mate hivyo, ametiliwa sumu. Akanipigia simu usiku ule ule. “Mpwa wangu, wewe ndiwe karani. Andika.”

Nikaandika. Niliandika barua kwa chifu, ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili chote nilichofundishwa na mapadre. Nilitumia neno “dhahiri” mara tatu. Sikuwa nimemwona mbwa, wala mahali alipofia, wala sikuwa nimeuliza mtu ye yote swali lo lote, lakini barua ilikuwa nzuri, na mjomba aliponitaka nimsomee katika simu alisema, “Naam, hayo ndiyo.” Jirani akaitwa mbele ya wazee. Mtu yule ana miaka zaidi ya sitini, naye akasimama kujibu habari ya kuua mbwa, na watoto wake wakimtazama.

Siku ya tatu alifika daktari wa mifugo, ambaye alikuja kwa kazi nyingine, kuwachanja mbwa wa kijiji dawa ya kichaa. Alipoambiwa habari aliomba aonyeshwe mahali mbwa alipotapika. Palikuwa bado pana vipande vyeupe vilivyokauka, pamoja na magamba ya samaki. Akavigeuza kwa kijiti, akauliza, “Muhogo huu ulichimbwa wapi?” Hapo kijana wa nyumba, mwenye miaka tisa, akaanza kulia. Yeye ndiye aliyemlisha Askari. Unga haukuwapo. Alichimba shina moja la muhogo ulio kando ya ua, akaukatakata, na mbwa alipounusa akauacha, kijana alimimina juu yake maji yaliyooshea samaki. Askari akala wote akalamba na chombo.

Muhogo wa kando ya ua ulikuwa mchungu. Mjomba mwenyewe aliupanda pale makusudi, kama wafanyavyo wengi, ili nguruwe wakionja wachukie. Mbwa naye alikuwa ameonja akachukia. Ni harufu ya samaki iliyomdanganya.

Barua ya pili, ya kumwomba jirani radhi, ilinichukua siku mbili, na haikupata hata nusu ya ukurasa. Aliikubali. Hata leo nikipita kwake huniitikia salamu, lakini hanikaribishi kiti.

Nirudi kwa ndugu yetu wa Busia, maana yeye anataka kujua la kufanya.

Kwanza, aina. Muhogo mchungu asimpe mbwa kabisa, hata akidhani ameupika. Ampe ule mtamu tu, ambao watu wa nyumbani huuchemsha wakaula na chai. Huku pwani tungesema Kibandameno, na kila mahali pana jina lake. Wala asitegemee ulimi peke yake, kwani uchungu hauonyeshi kiasi cha sumu sawasawa kila mara. Ategemee kuijua mbegu na mahali ilipotoka. Tena akumbuke kwamba wakati wa ukame hata muhogo mtamu huongeza sumu yake, nao ndio wakati ule ule tunaokimbilia kuwapa mbwa muhogo.

Pili, kumenya. Ganda la muhogo lina tabaka mbili, lile jembamba la nje lenye rangi ya udongo, na lile nene la ndani. Yote mawili yatoke. Nimeona watu hutupa maganda hayo uani, mbuzi na mbwa na vifaranga wakayakusanyikia. Yafukiwe, au yapelekwe mbali.

Kisha upishi, na hapo wengi hukosea bila kujua. Desturi ya mtu mwenye haraka ni kuyachemsha maji kwanza, kisha atie vipande vikubwa na kufunika sufuria. Kwa muhogo mtamu wa kula binadamu haina neno kubwa. Lakini ajuaye anavyofanya kazi kimeng'enya kile atafanya kinyume. Maji yanayochemka hukiua kimeng'enya mara moja, na linamarini iliyobaki hukaa ndani ya muhogo bila kufunguliwa. Bali vipande vidogo vikitiwa katika maji baridi, mengi, na moto ukipanda polepole, kimeng'enya hupata nafasi ya kuifungua sumu, na sumu ikiisha kufunguka huondoka upesi, kwa kuwa sianidi hugeuka hewa katika joto la nyuzi 26 tu, ambalo ni joto la mchana wa kawaida. Kwa hiyo sufuria isifunikwe, na ikae mahali penye upepo. Muhogo ukiisha kulainika kabisa, maji yale yamwagwe shimoni. Yasifanywe mchuzi, wala yasimiminwe katika bakuli la mbwa kwa kuona huruma kwamba yana ladha.

Baada ya hayo autoe uzi mgumu wa katikati, ambao waweza kumkaba mbwa mwenye pupa, aupondeponde muhogo, aungoje upoe. Asitie chumvi wala pilipili.

Habari ya unga ni nyingine, na kwa Busia ndiyo kubwa zaidi, maana huko ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama ni chakula cha heshima. Unga uliotokana na muhogo uliovundikwa vema siku kadhaa, ukaanikwa ukakauka, ni salama kuliko muhogo uliokatwa ukaanikwa tu. Kipimo cha kimataifa cha unga wa kuliwa na watu ni sianidi isiyozidi miligramu 10 kwa kila kilo. Mtu asiyejua unga wake ulitengenezwaje anayo njia rahisi, iliyopatikana na mtaalamu Howard Bradbury wa Australia: aukoroge unga kwa maji mpaka uwe mzito, autandaze mwembamba juu ya ungo au mkeka, auache juani saa 2 au kivulini saa 5, ndipo ausonge ugali siku ile ile. Sumu nyingi iliyobaki hutoka hewani. Haina gharama yo yote ila kungoja.

Nasikia mtu akisema kwamba hii ni kazi nyingi mno kwa ajili ya mbwa. Basi na asifanye kwa ajili ya mbwa. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula huko Msumbiji, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu baada ya ukame kuwalazimisha kula muhogo mchungu usiotengenezwa vya kutosha. Mwaka 1985 ugonjwa huo huo ulitokea Tarime, Tanzania, ambako si mbali na mpaka wetu. Unaitwa konzo, jina la lugha ya Kiyaka ya Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, nao ukimpata mtu haumwachi tena. Walioupata hawakuwa wajinga wa muhogo. Walijua kuutengeneza tangu zamani. Njaa iliwafupishia siku za kuloweka.

Je, mbwa apewe kiasi gani? Madaktari wa mifugo husema kwamba vitu vya ziada, vilivyo nje ya chakula chake hasa, visizidi sehemu moja katika kumi ya chakula cha siku. Najua kwamba jibu hili halitampendeza mwenye mbwa watatu na debe tupu. Lakini muhogo una wanga tu. Katika gramu 100 za muhogo uliochemshwa protini haifiki hata gramu 2, ambapo unga wa mahindi mkavu una kama gramu 8. Mbwa atashiba, tumbo litavimba, na mbavu zitaonekana. Tena watafiti wa Nigeria waliochapisha kazi yao tangu mwaka 1991 waliwalisha mbwa wanaokua gari, yaani muhogo uliokunwa, ukachachuka na kukaangwa kama walavyo watu wa kwao, pamoja na vyakula vingine vya kutosha. Na hata hivyo waliona madhara katika kongosho na katika tezi ya shingo. Sumu ndogo ya kila siku haipigi kelele. Kwa hiyo watoto wa mbwa na jike mwenye mimba au anayenyonyesha mimi singewapa kabisa, na wakubwa wapewe kidogo, pamoja na dagaa au yai au vichwa vya samaki vilivyopondwa, kwa ajili ya ile salfa niliyoitaja.

Kama shida ni kupunguza unga, afadhali aangalie maboga na viazi vitamu. Hivyo vikichemshwa bila kitu ni salama kwa mbwa, navyo havina vita hii yote. (Nduma nayo yachemshwa sana, mbichi huwasha kinywa cha mbwa kama uwashavyo wetu.)

Limebaki jambo la kisamvu, maana najua wasomaji wa pwani watauliza. Majani ya muhogo yana sumu kupita mzizi wenyewe. Mama zetu huyatwanga kinuni mpaka yalainike, kisha huyachemsha muda mrefu, na bila ya kusoma kitabu walikuwa wakifanya lile lile wasemalo wataalamu: kutwanga huifungua sumu, moto huifukuza. Kisamvu cha namna hiyo, kidogo, hakimdhuru mbwa. Lakini sisi hatuishii hapo. Twatia nazi, twatia kitunguu, na wengine kitunguu saumu, na hapo chakula kizuri cha binadamu chageuka kuwa kibaya kwa mbwa, kwa maana vitunguu vya kila namna, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Madhara yake hayaonekani siku ile. Baada ya siku kadhaa mbwa hulegea, ufizi humweupa, na mkojo hugeuka kuwa mwekundu au wa rangi ya kahawia. Mwenye kutaka kumwonjesha mbwa kisamvu na amtengee kabla ya kuunga.

Na ikiwa mbwa amekwisha kula muhogo mbichi? Dalili hutokea upesi, pengine katika dakika chache, pengine baada ya saa moja: mate, kutapika, kuhema mbio, kupepesuka, kisha degedege. Ufizi wake waweza kuwa mwekundu sana, jambo linalowadanganya watu kwamba ana damu nzuri. Asimiminiwe maziwa wala mafuta kwa nguvu, maana mbwa anayetetemeka humeza kwa mapafu. Apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa, na njiani apigiwe simu aambiwe wazi kwamba ni muhogo, kwa kuwa dawa za sianidi zipo lakini hazikai katika kila mkoba. Kipande cha muhogo kilichobaki kichukuliwe pia. Na kama mbwa amekufa, mahali alipotapika pasifagiwe kabla mtu mwenye ujuzi hajapatazama.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu ameongeza swali dogo, kama mtu anayekumbuka akiwa mlangoni. Asema mbwa wake mmoja alikula maganda mabichi mwezi uliopita, akatapika, akalala siku nzima, kisha akapona. Je, hiyo si ishara kwamba sasa amezoea? La, hakuzoea. Sumu ile mwili wake umekwisha kuitoa, na ngao yake ni ile ile aliyokuwa nayo. Alikula kidogo, au aliyatapika mapema. Siku ya kumenya muhogo na amfunge kamba, mpaka shimo la maganda lifukiwe.